Kongamano la wanafunzi wa PhD ya uhasibu na fedha: niende Nakuru, au nibaki Kisumu niandike?

NyarKano

Hamjambo wadau. Swali hili ni la waliopitia wenyewe. Wa "nilisikia mtu akisema", tafadhali tupisheni.

Mimi ni mhasibu katika SACCO (chama cha akiba na mikopo) moja hapa Kisumu, mwaka wa tatu wa PhD ya uhasibu, karo ninajilipia. Mchana niko kwa hesabu za watu. Usiku, watoto wakishalala, ndipo nafungua kompyuta pale sebuleni, na mbu wa Migosi hawakubali mtu asinzie. Sura tatu za kwanza ziko tayari. Mada yangu ni athari za utoshelevu wa mtaji (yaani kama mtaji unatosha kwa ukubwa wa SACCO) kwa utendaji wa kifedha wa SACCO zinazopokea akiba magharibi mwa Kenya. Ndiyo, najua. Kila mtu nchi hii anaandika "athari za kitu hiki kwa utendaji wa kifedha wa kile". Nimeshachekwa vya kutosha, tuendelee.

Nimepata barua kwamba ikisiri yangu imekubaliwa katika kongamano la siku mbili la wanafunzi wa uzamivu, Nakuru, mwezi ujao. Ada ni 7,500. Juu yake weka nauli, malazi, na ruhusa ya siku mbili wakati wa kufunga robo mwaka, kipindi ambacho sisi wa hesabu hatupewi ruhusa hata ya kung'oa jino.

Kinachonirudisha nyuma ni lile la mwaka jana. Chuo sitakitaja. Nilitayarisha slaidi 43 kwa dakika 15. Mhasibu mzima, sikupiga hesabu kwamba hiyo ni sekunde ishirini na moja kwa kila slaidi. Nikiwa slaidi ya 19, bado nahangaika na nadharia ya wakala, mwenye saa akainua karatasi nyekundu. Jopo likaanza. Wa kwanza: pambizo la kushoto si sawa. Wa pili: ongeza nadharia mbili. Wa tatu: una nadharia nyingi mno, punguza. Mwingine akauliza kwa nini nimeacha Mombasa. Kwenye mada iliyoandikwa "magharibi mwa Kenya"!

Nilirudi nyumbani na maoni 27, niliyahesabu. Hakuna hata moja lililogusa swali langu la utafiti. Msimamizi wangu aliyasoma, akaikunja ile karatasi mara mbili, akaniambia, "Madamu, wewe andika tu."

Basi niambieni. Inafaa nitoe hizo pesa? Ukienda, unabeba nini mkononi? Na lingine naliuliza kwa sauti ya chini: mtu hawezi kuiba mada?

Kiboswa_Stage

Enda. Msimamizi wangu wa pili nilimpata kwenye foleni ya chai, kikombe mkononi. Yule wa kwanza alikuwa hajasoma sura yangu miezi saba.

Mengine watakuambia wakubwa.

Mzee_wa_Kondele

Nyaminwa, dada yetu, mimi nitakuwa yule mtu mbaya wa hapa. Mengi ya haya makongamano ni biashara. Unalipa, unapewa begi la kitambaa, kalamu isiyoandika na cheti chenye muhuri wa dhahabu. Nina vyeti vinne ndani ya bahasha chini ya kitanda. Nilipoomba kazi ya kufundisha hakuna aliyeviuliza. Waliuliza makala.

Na hapo ndipo watu wanajidanganya. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu inataka mwanafunzi wa PhD awe na makala mawili katika majarida yenye wahakiki. Kusimama mbele ya projekta si makala. Ikisiri kuchapishwa kwenye kijitabu cha kongamano si makala. Halafu ukishatoka huko, barua pepe yako imeshazagaa, unaanza kupata ujumbe wa majarida yanayoahidi kukuchapisha kwa siku nne ukituma dola mia moja. Mhakiki gani anasoma kazi yako kwa siku nne? Hata mke wangu hasomi SMS yangu kwa siku nne.

Kipimo changu ni kimoja. Rudi kwa hiyo barua yako. Je, wanataka uwatumie kazi yenyewe kabla ya siku? Kuna mtu maalum aliyepangiwa kuisoma? Kama wanachotaka ni ikisiri ya maneno 300 na risiti ya M-Pesa peke yake, baki Kisumu, kula samaki wako kwa hizo 7,500, na chenji itabaki.

NyarKano

Mzee, umenichekesha hadi mtoto ameamka.

Barua nimeisoma tena. Wanataka muhtasari wa kurasa 10 wiki tatu kabla, na wamesema kila mwanafunzi atapangiwa mchambuzi mmoja atakayeusoma. Dakika 12 za kwangu, 20 za mjadala. Lile la mwaka jana halikuwa hivi, walitaka ikisiri tu.

Mwalimu_Njoro

Dada NyarKano, nimefundisha uhasibu miaka mingi upande huu wa Nakuru na nimekaa kwenye majopo ya aina zote mbili: la kurasa 10 na la karatasi nyekundu. Hilo la kurasa 10, nenda. Tazama hata ule mgawanyo wa dakika. Wanaokupa mjadala mrefu kuliko maelezo wameelewa kazi yao.

Turudi nyuma kidogo, maana hapa kwetu kongamano la wanafunzi limechanganywa na kongamano la kawaida. Chama cha uhasibu cha Marekani kilianza kukusanya wanafunzi wake wa uzamivu mwaka 1971. Cha Ulaya, EAA, huwakutanisha wao siku chache kabla ya kongamano kuu la kila mwaka. Waingereza wa BAFA wanao mkutano wao, na AFAANZ ya Australia na New Zealand wao pia, hali kadhalika kabla ya mkutano mkuu. Kwetu Afrika, chama cha AAFA kimefuata njia hiyo hiyo. Angalia walivyoupanga: wanafunzi kwanza, wakubwa baadaye. Mwanafunzi analeta kazi mbichi kwa kikundi kidogo, walimu wasiomsimamia wanaisoma, wanamwambia inavuja wapi angali na muda wa kuziba. Siku kadhaa baadaye, kwenye ukumbi mkubwa, ndiko kazi zilizoiva zinakoonyeshwa.

Sisi tumeligeuza likawa mtihani mdogo wa kutetea tasnifu. Mwanafunzi anakuja na kazi iliyokwisha pigwa pasi, anaomba baraka. Jopo halina la kusema juu ya swali kwa sababu data imeshakusanywa, basi linakimbilia pambizo. Mimi mwenyewe nimewahi kusahihisha koma za watu, Mungu anisamehe. Unamwona kijana ametumia mkopo mzima wa SACCO kugawa hojaji mia mbili, unaona kabisa swali lake limekaa vibaya, sasa utamwambia nini? Unamwambia habari za koma.

Wewe uko sura ya tatu. Hujagusa data. Hapo ndipo pa kwenda.

Sasa niruhusu niifanye kazi ya mchambuzi wako mapema, maana mada yako imenikaa kichwani tangu jana nikinyunyizia mboga. Nina mambo mawili.

La kwanza. Utoshelevu wa mtaji utaupima vipi? Nadhani kwa vile viwango vya kanuni za SACCO za 2010: mtaji wa msingi usipungue asilimia 10 ya mali yote na asilimia 8 ya akiba za wanachama, mtaji wa taasisi (ule wa msingi ukitoa hisa) asilimia 8 ya mali. Vizuri. Lakini ndani ya mtaji wa msingi kuna nini? Hisa za wanachama, na pia ziada iliyobakizwa mwaka hadi mwaka. Yaani faida ya mwaka jana ndiyo mtaji wa mwaka huu. Ukija kuniambia kwamba SACCO zenye mtaji mwingi zina faida nzuri, nitakuuliza: kipi kilimzaa mwenzake?

La pili ni zito zaidi. Utendaji umeupima kwa ROA, yaani faida ukiigawa kwa mali, sivyo? Kila mtu anatumia ROA. Chukua SACCO mbili, kila moja ina mali ya milioni 500. Kila moja, kabla ya kulipa wanachama riba ya akiba zao, imebaki na milioni 50. Ya kwanza inawalipa wanachama milioni 40, inabaki na 10. Ya pili inawalipa 20, inabaki na 30. Piga ROA: ya kwanza asilimia 2, ya pili asilimia 6. Kompyuta yako itasema ya pili ni hodari mara tatu. Nenda kamuulize mwanachama pale mlangoni ni SACCO gani imefanya kazi mwaka huo.

Kisha uunganishe na lile la kwanza. Ile ya pili, iliyowabania wanachama, imebakisha zaidi, kwa hiyo mwaka ujao mtaji wake umepanda. Regresheni yako, ile hesabu ya kutafuta uhusiano, itakuletea nyota tatu za uhakika kwamba mtaji unaleta utendaji. Kumbe ulichopima ni uamuzi mmoja wa mkutano mkuu, umeupima mara mbili kwa majina mawili.

NyarKano

Mwalimu, nimekaa na hiyo hesabu yako tangu saa tatu usiku na sasa ni saa sita.

Wadau, mjue jambo moja. Kazini mimi ndiye ninayeingiza riba ya akiba. Kila mwaka mkutano mkuu ukishapitisha kiwango, ni vidole vyangu hivi hivi vinavyoandika hiyo riba kama gharama, ikatwe kabla ya ziada kuonekana. Miaka sita. Nimekaa kwenye kikao bodi ikibishana kama ni asilimia 9 au 10, mwenyekiti akisema tubanie kidogo mtaji wetu umekaribia mstari, mwanachama mzee wa nyuma akisema kwa Kijaluo kwamba yeye hali mtaji, anakula riba. Watu wakapiga makofi. Nikaenda nyumbani, nikafungua sura ya tatu, nikaandika "utendaji utapimwa kwa ROA" kwa sababu tasnifu 11 nilizosoma zote ziliandika hivyo.

Sasa nifanye nini, niitupe mada?

Bungoma_Takwimu

Usiitupe, dada. Hiyo hadithi ya mzee wa nyuma ndiyo mada.

Mimi ni mtu wa namba, nitasema kwa ufupi.

Watu watakuambia utumie mbinu ya takwimu ya Arellano na Bond ya 1991, kwamba itatibu hilo la faida ya jana kuwa mtaji wa leo. Inatibu, ila inapenda vitengo vingi na miaka michache. SACCO zenye FOSA (kaunta ya kuweka na kutoa pesa kama benki, yaani aina unayoichunguza) huku kwetu magharibi si nyingi kiasi hicho. Ukiilazimisha itakupa majibu mazuri yasiyo na maana, na hutajua, kwa sababu programu ya Stata haina aibu.

Tena usije Nakuru na ile fomula ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli. Nimeona mtu ana kampuni 40, amepiga fomula, akatoa sampuli ya 36, akaacha 4. Hizo 4 zimekukosea nini? Chukua zote.

Kinachosaidia zaidi ya mbinu ni kutafuta mahali ambapo mtaji ulilazimishwa kubadilika na mtu wa nje, bila bodi kupenda. Jamaa yangu wa fedha alitumia kikomo cha riba za benki, Septemba 2016 hadi Novemba 2019. Benki zilibanwa na sheria hiyo, SACCO hazikubanwa. Hapo una makundi mawili na tarehe mbili ambazo hakuna meneja aliyezichagua. Kwako wewe, tazama kanuni za 2020 za SACCO zisizo na FOSA: zenye akiba za kuanzia milioni 100 zikawekwa chini ya SASRA, msimamizi wa serikali wa SACCO, nyingi za chini ya hapo zikabaki nje. Iliyo na milioni 98 na iliyo na 103 zinafanana karibu kila kitu isipokuwa msimamizi. Sijasema ubadilishe mada iwe hiyo. Halafu ujue meneja mjanja anaweza kuzuia akiba isifike 100 ili asiguswe, hilo nalo lazima ulichunguze. Nasema ulipeleke kama swali.

Kibali cha utafiti cha NACOSTI, ile tume ya serikali, unacho? Na kama utatumia hesabu za SACCO yako mwenyewe, pata barua ya bodi. Kuwa mwajiriwa si ruhusa.

NyarKano

Kibali ninacho. Barua ya bodi sina, asante kwa kunishtua.

Mwalimu, nirudi kwako: slaidi? Na ile hofu yangu ya wizi hakuna aliyeigusa, au ni ya kijinga?

Mwalimu_Njoro

Si ya kijinga, ila umeiweka mahali si pake. "Mtaji na utendaji wa SACCO" mtu aibe nini? Iko kwenye rafu za kila maktaba kuanzia Maseno hadi Egerton. Cha kulindwa ni data uliyoitolea jasho, nayo huna bado. Ukishakuwa na rasimu yenye matokeo, iweke SSRN, ile hifadhi ya rasimu za utafiti mtandaoni. Itakuwa na tarehe na jina lako, na watu watalazimika kukutaja. Kazi nyingi zaidi zimekufa kwa kufichwa.

Kuhusu slaidi: saba. Ya kwanza isiwe jina la chuo, nembo na majina ya wasimamizi wenye vyeo vyao vyote. Hayo yako kwenye kurasa 10. Anza na ule mkutano mkuu. Bodi inataka kubania, mzee anataka riba, sheria inataka asilimia 10. Mtu yeyote mwenye akiba mahali ataelewa kwa nusu dakika. Nadharia weka moja, ile utakayoitumia kweli. Nadharia ya wakala uliyokuwa ukihangaika nayo mwaka jana, ile ya Jensen na Meckling ya 1976, ilijengwa juu ya kampuni yenye wenye hisa upande huu na mameneja upande ule. Kwenye SACCO anayeweka akiba, anayekopa na mwenye hisa ni mtu yule yule. Usiibebe tu kwa sababu wengine wameibeba.

Slaidi ya mwisho isiwe "Asanteni kwa kunisikiliza". Iwe na uamuzi mmoja ambao hujaufanya, umeandikwa kama swali, ubaki ukutani dakika zote 20 za mjadala. "ROA au kiasi chote walichopata wanachama: nipime kipi, na kwa nini?" Jopo likiona swali ukutani linaona haya kuzungumzia pambizo. Si wote, lakini wengi.

Tena umtafute mtu wa kukuandikia. Ukiwa umesimama pale utasikia nusu tu ya unachoambiwa.

Mzee_wa_Kondele

Haya, nimeshindwa. Kama kuna msomaji aliyepangwa, nenda. Lakini panda matatu ya alfajiri, usingoje ya saa tano. Kutoka hapo Mau Summit kuteremka Salgaa malori yakiwa na lao utaimba nyimbo zote za kanisani. Na beba sweta. Nyinyi watu wa Kano mkifika Nakuru mnaanza kutetemeka mkidhani ni woga.

Kiboswa_Stage

Na usikose chai ya saa nne. Sirudii.

NyarKano

MREJESHO.

Nimerudi juzi. Mwenzangu wa kaunta alinishikia kazi kwa ahadi kwamba mimi nitashika ya Krismasi, kwa hiyo mtanikuta ofisini tarehe 24, mjue ni kwa nini.

Slaidi saba, dakika 11. Nilianza na mzee wa nyuma, watu wakacheka. Kicheko kilipoisha nikawa sitetemeki tena (sweta nilibeba). Mchambuzi wangu alikuwa kijana, mdogo kwangu kwa umri, na alikuwa amezisoma zile kurasa 10 kweli. Zilikuwa zimejaa penseli. Kuhusu ROA hakubishana, alisema ninachokiita utendaji kiwe jumla ya alichopata mwanachama pamoja na kilichobaki, halafu swali langu liwe jinsi sheria ya mtaji inavyobadilisha mgawanyo kati ya hivyo viwili. Niliandika hilo kwenye kiganja, daftari lilikuwa kwa aliyekuwa akiniandikia.

Kisha akafungua ukurasa wa sita na kuuliza kitu ambacho hata humu hakuna aliyekiona. "Umesema utachukua SACCO zenye leseni leo na zenye hesabu kamili za miaka yote mitano. Zilizokufa katikati ziko wapi?"

Nikanyamaza.

Akaendelea, polepole, kama anayeongea na dadake. Zilizofungwa, zilizonyang'anywa leseni, zilizomezwa na kubwa zaidi, ndizo hasa ambazo mtaji uliziponyoka. Nikiziacha nje, nitakuwa nimewapima wagonjwa waliopona peke yao nikasema dawa inafanya kazi. Ukumbi mzima ukaguna. Nadhani wenzangu wengi walikuwa na orodha kama yangu. Wale wanaotumia kampuni za Soko la Hisa la Nairobi ndio walioinamisha vichwa kabisa, kwa sababu wote huandika "kampuni zilizoorodheshwa kwa kipindi chote".

Koma hazikukosekana. Profesa mmoja wa nyuma alisimama akasema "utendaji wa kifedha" na "utendaji wa fedha" si kitu kimoja, akakaa. Sawa.

Chai ya saa nne, Kiboswa, nilienda. Nilisimama na mwanafunzi wa Kericho anayeandika kuhusu michai. Sikujua kwamba tangu 2016 mchai wenyewe umetolewa kwenye IAS 41, kiwango cha uhasibu wa kilimo, sasa unahesabiwa kama mtambo, unachakaa kwenye vitabu mwaka hadi mwaka, ila jani lililo juu yake limebaki kule kule kwa thamani ya soko. Mmea mmoja, viwango viwili. Anataka kujua kama mkulima mwenye hisa kiwandani aliona tofauti yoyote kwenye bonasi. Tumebadilishana namba. Atasoma sura yangu ya tatu nami nitasoma yake, kila Jumapili jioni. Hilo peke yake naona limelipa nauli.

Maoni niliyorudi nayo safari hii ni manne. Msimamizi ameyasoma yote na karatasi hakuikunja. Alikaa kimya, akasema sura ya tatu inarudi mwanzo, akaniuliza kama nina nguvu. Nimemwambia sina, lakini nimeanza.

Sasa naomba msaada mwingine, na huu ni wa kazi. Natafuta hesabu zilizokaguliwa, hata za miaka michache, za SACCO za huku kwetu zilizofungwa au zilizomezwa na nyingine kuanzia 2015. Ripoti za kila mwaka za SASRA zinanionyesha ni zipi zilitoka kwenye orodha na lini, ila sitazipata humo hesabu zenyewe nikizitaka kwa kina. Nimeambiwa nakala hubaki kwa afisi za ushirika za kaunti. Kisumu nitaenda mwenyewe Jumatatu. Kuna mtu humu anayejua mlango wa kubisha Kakamega, Vihiga au Siaya, na ni barua ya namna gani wanaitaka?

Bungoma_Takwimu

Bungoma niachie mimi. Nitumie nakala ya kibali chako na barua ya chuo, na uorodheshe miaka unayotaka, usiandike "zote". Ukiandika "zote" karani atakuambia urudi wiki ijayo.

Mzee_wa_Kondele

Vihiga nina shemeji. Ongea nami pembeni.